UZI: Hekalu la Hidimba kule Manali, nyumba ya zimwi aliyekuwa bibi wa wafalme

Msafiri wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna hekalu moja dogo nimetaka kulisimulia humu kwa muda mrefu. Sisi tukisikia hekalu la Wahindu, akili inakwenda moja kwa moja Mtaa wa Kisutu pale Dar, au Mombasa: marumaru, minara iliyochongwa, rangi. Hili halifanani na hayo hata kidogo. Liko Manali, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, juu kidogo ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ndani ya msitu wa mierezi uitwao Dhungri. Lilijengwa mwaka 1553 kwa mawe, udongo na mbao. Na anayeabudiwa mle ndani ni zimwi.

Simaanishi kwamba watu wa nje wanamwita hivyo kumtukana. Wenyeji wenyewe wanajua alizaliwa katika ukoo wa mazimwi wanaokula watu, na wanamwita bibi.

Mimi nasoma Punjab. Wanafunzi wengi wa Kiafrika tulioko huku likizo ikifika tunapanda basi Chandigarh jioni na kuamkia milimani. Wengi wanafuata theluji. Hekaluni wanapita, wanapiga picha na yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, aliyevalishwa shanga, basi. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu ramani ya jengo lile haieleweki bila hadithi yake, na hadithi yenyewe haikai sawasawa mpaka uone jiwe lililomo ndani. Ndiyo maana naleta vyote viwili pamoja.

Naanza na hadithi, imo katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Ndugu watano wa ukoo wa kifalme, Wapandava, walijengewa jumba na binamu zao waliokuwa wakiutaka ufalme. Jumba zuri, ila kuta zake zilijaa lakiri na vitu vinavyoshika moto upesi, wateketee usingizini. Wakapata habari mapema. Wakatoroka na mama yao Kunti kwa njia ya chini kwa chini, jumba likiwaka nyuma yao, wakaingia porini usiku. Bhima, wa pili kwa kuzaliwa na mwenye nguvu kuliko wote, ndiye aliyewabeba wenzake walipochoka. Walipolala chini ya mti, yeye akabaki macho.

Msitu ule ulikuwa na zimwi, Hidimb, na dada yake, Hidimba. Kaka akasikia harufu ya nyama ya watu, akamtuma dada akailete. Hidimba akaenda, akamwona Bhima ameketi analinda waliolala, na moyo ukamgeuka pale pale. Akajigeuza binti mzuri, akamsogelea, akamweleza ukweli wote: nimetumwa niwapeleke mkaliwe, kaka yangu yuko njiani, waamshe watu wako niwatoroshe kwa kuruka angani. Bhima akakataa. Mama yake na ndugu zake wamechoka, wamelala, hawezi kuwakatisha usingizi kwa ajili ya zimwi.

Kaka alipoona dada anakawia akaja mwenyewe. Walipigana mpaka miti iking'oka, waliolala wakaamka, na Bhima akamuua. Kisha akamgeukia Hidimba amuue naye. Yudhishthira, mkubwa wa wale watano, akamzuia.

Fikirieni hali ya huyu mwanamke saa ile. Kaka amekufa, naye ndiye aliyemsaliti, kwa ajili ya mwanamume aliyemfahamu usiku uleule na ambaye sasa hivi alitaka kumuua. Akaenda kwa Kunti. Akamwambia mama mtu: nimeacha ndugu zangu na mila za kwetu kwa ajili ya mwanao, nihurumie. Wakakubaliana kwa masharti: mchana Bhima atakuwa wake, jioni anarudi kwa ndugu zake, na hayo yadumu mpaka apatikane mtoto.

Mtoto akapatikana, Ghatotkacha, nusu mtu nusu zimwi. Wapandava wakaendelea na safari yao. Hidimba akabaki.

Nitaendelea na jengo, ngoja kwanza nipate chai.

binti_Tanga

Kwa hiyo alimwacha tu hivyo hivyo na mtoto? Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, kumbe hapa aliyeliwa ni zimwi mwenyewe.

Msafiri wa Tukuyu

Dada, umegusa penyewe. Na haikuishia hapo. Miaka baadaye vita kuu ya Kurukshetra ilipopiganwa, Ghatotkacha aliitika mwito wa baba yake. Usiku wa siku ya 14, mazimwi wakiwa na nguvu zaidi gizani, aliwatesa maadui kiasi kwamba hawakujua wafanye nini. Upande wa pili alikuwepo Karna, mwenye silaha aliyopewa na Indra, mfalme wa miungu, isiyokosa, lakini inayotumika mara moja tu. Alikuwa ameitunza kwa ajili ya Arjuna, mdogo wake Bhima. Wenzake wakamlilia aitumie usiku ule, akamrushia Ghatotkacha. Kijana alipojua anakufa aliukuza mwili wake ukawa mkubwa kama mlima, akawaangukia maadui akafa nao.

Wapandava walilia. Krishna, rafiki na mshauri wao, alifurahi waziwazi, kwa sababu sasa Arjuna alikuwa amepona. Mtoto wa Hidimba ndiye aliyelipa gharama hiyo.

Kuanzia hapo watu wa bonde la Kullu, yaani bonde ilimo Manali, wana yao ya kusema. Wanasema Hidimba alimlea mwanawe, alipokuwa mtu mzima akamwachia utawala, kisha akaja hapa Dhungri. Akaketi penye jabali msituni, akajinyima, akaomba miaka mingi, mpaka akawa mungu wa kike. Jabali hilo bado lipo. Hekalu limejengwa juu yake.

Msafiri wa Tukuyu

Sasa jengo.

Hekalu la Kihindu la kawaida, hata lile kubwa kabisa, kiini chake ni chumba kimoja kidogo chenye giza ambamo sanamu ya mungu inawekwa. Juu ya chumba hicho unasimama mnara, mbele yake ukumbi wa waumini, na waumini hulizunguka hekalu likiwa mkono wao wa kulia. Vipimo hupangwa kwanza, mungu huja kuwekwa ndani. Dhungri mambo yalikwenda kinyume: jabali lilikuwepo tayari, limechomoza ardhini na kuacha uwazi kama pango chini yake, na fundi ikabidi azungushie kuta pale pale lilipo.

Kwa nje ni jengo la mraba juu ya jukwaa la mawe. Kuta ni za mawe yaliyokandikwa udongo na kupakwa rangi nyeupe. Juu yake kuna mapaa manne yaliyopandana, kila moja dogo kuliko lililo chini yake. Matatu ya chini ni ya mraba, yameezekwa vibao vya mwerezi, na yametokeza sana nje ya ukuta, hivyo theluji ikiteleza inaangukia mbali na kuta. La nne, la juu kabisa, lina umbo la koni na limefunikwa kwa shaba. Kutoka chini hadi kileleni ni mita 24 hivi. Mierezi yenyewe iliyolizunguka ni mirefu kuliko hapo, kwa hiyo ukiwa mbali hulioni. Unatembea kati ya mashina, ghafla liko mbele yako.

Ukutani, upande wa mbele, zimetundikwa pembe za mbuzi mwitu wa milimani na wanyama wengine. Baadhi zimezeeka mpaka zimekuwa na rangi ileile ya mbao.

Halafu mlango. Hapa ndipo ningewaomba mkisafiri msimame, hata kama foleni inasukuma. Fremu yote imechongwa mkanda kwa mkanda: maua, wanyama, wacheza ngoma, miungu. Katikati juu yuko Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na juu zaidi zile sayari tisa ambazo Wahindu huziheshimu. Pembeni chini yuko Durga, amemkanyaga na kumchoma zimwi aliyejigeuza nyati. Yaani kwenye mlango wa nyumba ya zimwi, wamechonga mungu wa kike anayeua zimwi. Mara ya kwanza sikuelewa. Baadaye mwenyeji mmoja aliyekuwa akiuza maua akaniambia kwamba kwao Hidimba na Durga hawako mbali, wengi wanamwomba Hidimba kama Durga mwenyewe. Kwa jinsi ninavyoona mimi, mlango ule unasema alichoacha nyuma na alichokuja kuwa, na mtu anapita katikati ya hayo mawili kuingia ndani.

Unainama, mlango ni mfupi. Viatu umeacha nje, kwa hiyo baridi ya mawe inapanda miguuni. Ukitegemea sanamu kubwa iliyopambwa, haipo. Lipo jabali, limechukua karibu chumba chote, nanyi mnasimama wachache pembeni yake. Kinachoabudiwa ni nyayo za mungu zilizomo katika jiwe, na karibu nazo kuna sanamu ndogo sana ya shaba, sentimita 7 na nusu hivi kwa urefu. Hicho ndicho kiini. Mita 24 za mbao, mawe na shaba zimesimamishwa kufunika mwamba ambao mwanamke mmoja inasemekana aliketi.

Fundi wa Keko

Mkuu, mimi ni seremala, nimevutiwa na hizo kuta. Jengo la mbao na udongo kukaa miaka zaidi ya 400 kwenye theluji si mchezo. Siri yake nini? Ni mbao tu au na ujenzi wenyewe?

Msafiri wa Tukuyu

Fundi, vyote. Mwerezi wa Himalaya una mafuta yanayonukia, wadudu hawaupendi na unyevu hauuozeshi upesi. Ndiyo mbao ya mahekalu na nyumba za zamani za milima yote hii.

Na mafundi wa Himachal wana ujenzi wao uitwao kath-kuni. Wanalaza maboriti mawili sambamba, moja upande wa nje wa ukuta na jingine upande wa ndani, katikati wanajaza mawe. Juu yake tabaka la mawe yaliyopangwa, halafu maboriti tena. Kwenye kona maboriti yanapandana na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Hakuna saruji. Ardhi ikitikisika ukuta unacheza kidogo na kurudi, haupasuki kama ukuta mgumu. Na ardhi ya huku inatikisika kweli: tetemeko la Kangra la Aprili 1905 liliua watu wapatao 20,000 katika milima hii. Ukipita vijijini karibu na Naggar, mji wa kale wa bonde hili, utaona kath-kuni nyingi bado watu wanaishi ndani yake, mifugo chini, watu juu. Wewe kwa jicho la kazi utaona mengi ambayo mimi nimeyapita.

Mapaa ya kupandana pia si ya Dhungri peke yake. Hekalu la Tripura Sundari pale Naggar linayo, na la Parashar kule wilaya ya Mandi, kando ya ziwa, linayo. Ila haya mengine hayana jabali.

Mzee wa Kondoa

Kijana, nimesoma mpaka mwisho. Umesema bibi wa wafalme kwenye kichwa cha uzi, lakini wafalme sijawaona bado.

Msafiri wa Tukuyu

Shikamoo mzee wangu. Nakuja kwao.

Aliyejenga hekalu ni Raja, yaani mfalme, Bahadur Singh wa Kullu. Jina lake na mwaka vimo katika maandishi ya hapo hekaluni, kwa hati ya Tankri iliyokuwa ikitumika milima hii. Lakini ukoo wa wafalme wa Kullu unajihesabu kuwa na deni kwa Hidimba tangu zamani zaidi. Wanasimulia kwamba mwanzilishi wao, wengi humtaja kwa jina la Vihangamani Pal, alikuwa kijana asiye na kitu, hana kwao. Njiani akamkuta bibi kizee amechoka na mzigo wake. Akambeba mgongoni. Walipofika mbali bibi akashuka, akajionyesha kuwa ni Hidimba, akamnyanyua yule kijana juu ya mabega yake mwenyewe na kumwambia: mpaka pale macho yako yanapofika, nchi yote hiyo nimekupa.

Tangu hapo ukoo ule unamwita bibi, tena bibi mzaa baba, kwa maneno na kwa vitendo. Sherehe kubwa ya Dussehra ya Kullu haianzi mpaka yeye afike.

Mzee wa Kondoa

Marahaba. Hiyo ya kumbeba bibi kizee hata kwetu tulisimuliwa zinazofanana nayo, anayemdharau ajuza hupata balaa. Sasa anafikaje kwenye sherehe kama ni jiwe?

Msafiri wa Tukuyu

Swali zuri sana mzee, na jibu lake ndilo linaloonyesha kwamba hekalu halimfungii ndani.

Miungu ya vijiji vya Kullu husafiri. Kila mmoja ana kiti chake cha kubebwa, mbao mbili ndefu zinazowekwa mabegani mwa wanaume, katikati wamefunga vitambaa vya rangi na nyuso za madini ya thamani zinazomwakilisha mungu. Mbele wanapiga ngoma na kupuliza baragumu ndefu. Wabebaji husema kwamba mungu ndiye anayeongoza mwendo: kiti kinaweza kuinama, kusimama, kukataa njia. Hidimba hutoka Manali kwa namna hiyo kuelekea mji wa Kullu, kilomita 40 hivi. Hapo hukutana na mamia ya miungu wengine kwenye uwanja wa Dhalpur.

Dussehra hii ina tofauti na ya sehemu nyingine za India. Kwingine inafikia kilele na kwisha siku ya Vijayadashami. Kullu ndiyo siku inayoanza, kisha inaendelea kwa wiki nzima. Ilianzishwa karne ya 17, enzi za Raja Jagat Singh. Inasemwa mfalme huyo alimshuku Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani) mmoja maskini kwamba ameficha lulu, akamtesa mpaka Brahmini akaitia moto nyumba yake akafa humo na familia yake. Toka siku hiyo mfalme akawa haoni chakula ila wadudu, haoni maji ila damu. Akashauriwa ailete sanamu ya Raghunath, yaani Rama, kutoka Ayodhya, na amkabidhi ufalme wake, yeye abaki mtumishi. Kwa hiyo mwenye gari la kukokotwa siku ya kuanza Dussehra ni Raghunath. Rama, mungu anayejulikana India nzima. Na bado gari lake linamsubiri Hidimba.

Mimi hilo ndilo linalonigusa kuliko lolote. Katika utenzi alipewa mume kwa saa za mchana tu. Huku milimani, mungu wa Ayodhya hatoki mpaka yeye aingie.

binti_Tanga

Hapo umenitoa machozi. Nimesikia pia kwamba mfalme alimkata fundi mkono. Ni kweli?

Msafiri wa Tukuyu

Inasimuliwa, dada. Kwamba Bahadur Singh alimkata fundi mkono wa kulia asije akajenga hekalu jingine kama lile. Fundi akajifunza kutumia wa kushoto, akaenda kujenga hekalu la Trilokinath, zuri zaidi, na wenyeji wa kule nao wakamkata kichwa kwa hofu ileile.

Kwa maoni yangu hii si ya kuichukua kama historia. Hadithi ya fundi aliyekatwa mikono inasimuliwa hata kuhusu Taj Mahal, inatembea kutoka jengo hadi jengo. Lakini naipenda kwa kitu kimoja: watu waliutazama mlango ule, wakaona kazi hiyo haiwezi kuwa imepita bila mtu kuumia.

Kuna na kamba. Mbele ya jabali inaning'inia kamba, na inasemwa zamani mwenye dhambi alifungwa mikono nayo na kubembezwa mpaka akagonga mwamba. Waongoza watalii wanaipenda sana hiyo. Mimi nimeiandika kwa sababu kamba mtaiona na mtauliza.

Fundi wa Keko

Na damu? Nimewahi kusikia wanachinja.

Msafiri wa Tukuyu

Kuchinja mbuzi na kondoo kwa ajili ya miungu ilikuwa mila ya milima yote hii, Hidimba akiwemo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Himachal Pradesh ilipiga marufuku kuchinja wanyama kwenye mahekalu ya jimbo hilo, na suala likazua ubishi mkubwa, kwani wazee wa vijiji waliona mahakama imeingia kwenye mambo ya miungu wao. Siku nilizofika mimi niliona nazi, maua na peremende nyeupe za sukari tu.

Nisisahau mtoto. Ukitoka hekaluni usirudi moja kwa moja barabarani. Tembea kidogo ndani ya msitu utaukuta mwerezi mkubwa ambao shina lake limezungukwa na vyuma vyenye ncha tatu na pembe za wanyama. Hapo ndipo kwa Ghatotkacha. Hana jengo, hana paa, ni mti tu, umbali ambao mama angeweza kumwita akasikia. Watalii wengi hawafiki.

Mzee wa Kondoa

Mjukuu wangu mmoja anakwenda kusoma Chandigarh mwaka huu. Aende lini?

Msafiri wa Tukuyu

Mzee, aende katikati ya Mei kama masomo yanaruhusu. Ndipo linapokuwa gulio la Dhungri, wanalolihesabu kuwa siku ya kuzaliwa Hidimba. Miungu ya vijiji vya jirani huja kumtembelea, na wanawake na wanaume hucheza ngoma wameshikana mikono chini ya mierezi, wamevaa sufu za kwao. Theluji mjini imeshayeyuka, barabara ni nzuri. Asipopata Mei, basi Oktoba, wakati wa Dussehra, ila hoteli za Kullu hujaa, atafute chumba mapema.

Na afike hekaluni alfajiri. Kuanzia saa nne asubuhi foleni ni ndefu na mlangoni hawamwachi mtu asimame. Abebe soksi nzito, soksi zinaruhusiwa ndani.